Tumbo Dogo, Sinia Kubwa

2 Machi

Leo nimeanza kunywa chakula badala ya kukila. Asubuhi maziwa yasiyo na sukari, mchana supu iliyochujwa mpaka haina cha kutafuna, jioni maziwa tena. Dada wa lishe hospitalini amenieleza kwamba kabla ya upasuaji lazima ini lisinyae kidogo, maana linalala juu ya tumbo na daktari atahitaji kulisogeza. Nikamwambia mimi ni fundi wa mapazia, najua taabu ya kusogeza kabati zito ili ufikie dirisha. Akacheka. Akaniagiza niandike kila siku nimekula nini na nimejisikiaje.

Nilichokula nimekwisha kusema. Nilivyojisikia: kama nyumba iliyohamwa jana.

Mvua nazo zimeanza leo. Zimeanza kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuwaamsha wenyeji.

3 Machi

Maziwa, supu, maziwa. Njaa ina sauti. Sikujua.

5 Machi

Nieleze nyumba yetu, asije dada wa lishe akasoma na asielewe.

Tuko wawili, mimi na Mama. Si mama aliyenizaa, ni mama wa mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi wa friji. Alifariki mwaka juzi, mvua kama hizi, amepiga magoti nyuma ya friji ya watu akitafuta gesi inavujia wapi. Moyo ukasimama. Tangu hapo mimi na Mama tunaishi pamoja, na hakuna aliyewahi kukaa chini akaamua kwamba tuishi pamoja. Ilikuwa hivyo tu, kama maji yanavyobaki shimoni mvua ikipita.

Mama ndiye mpishi. Mkono wake umezoea kipimo cha watu watatu na haukubali kufundishwa upya. Kila siku sinia lilikuja na chakula cha watatu, nasi tukaketi wawili. Kubakiza kulikuwa kama kusema kwa sauti kwamba hayupo. Basi nikala. Nikala langu, nikala na fungu lake, mpaka ngazi za karakana zikawa mlima, magoti yakalia kama milango, na kulala nikawa nalala nimeketi kwa kukosa pumzi. Daktari alinipima moyo akasema unafanya kazi ya mioyo miwili na hautafika mbali. Sikumbishia. Nilijua wa pili ni wa nani.

Kisu hakinitishi. Kinachonitisha ni kwamba nikiacha kula fungu lake, atakuwa amekwenda kweli.

Jambo jingine la nyumba hii: Mama alilelewa kula sinia moja na wenzake, na baba yake alikuwa mkali wa adabu. Mwenzako akitoa mkono, nawe unatoa. Mkono wa mwisho siniani ni mkono wa aibu. Mpaka leo yuko hivyo, huwezi kumtoa. Bahati yake mwanawe alikuwa mlaji wa polepole ajabu. Mkono wake unalala ukingoni mwa sinia, mdomo unasimulia habari za friji. Nilikuwa namtania, "Mume wangu, unakula au unalinda?"

9 Machi

Shemeji amekuja, mdogo wake marehemu. Anafundisha watu kuendesha magari, kwa hiyo hata akiketi kwenye kiti mguu wake wa kulia unakanyaga breki.

"Shemeji, nakuheshimu," alisema. "Lakini unakwenda kukatwa tumbo. Nani atamwangalia nani humu ndani?"

"Tutaangaliana."

"Kipofu na kiwete."

"Kipofu nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni. "Nakuona hadi shati lako halikupigwa pasi mgongoni."

"Mama, kwangu kuna chumba. Kitanda kipo, televisheni ipo."

"Na mtu?"

"Mtu gani tena?"

"Wa kukaa naye. Wewe na mkeo mnatoka kabla hakujakucha, watoto shule. Nitapiga soga na televisheni?"

Shemeji akanigeukia mimi, maana na Mama huwezi kushindana. Alisema chumba chenyewe paa linavuja, na fundi wa paa hapandi juu mpaka mvua zikatike. Mvua zikikatika na paa likazibwa, atakuja. Akimkuta Mama ni mzima, abaki. Akimkuta ameyumba, hataniuliza mimi wala hatamuuliza yeye.

"Sawa?"

Nilisema sawa. Ningesema nini? Ni mwanawe.

Alipoondoka, Mama alitoka akakaa karibu nami tukatazama maji yakishuka dirishani. Kisha akasema, bila kunitazama, "Sasa wewe usinifie huko hospitali."

"Sifi, Mama."

"Maana sina nguvu ya kuzoea watu wengine."

13 Machi

Karakana. Tunashona mapazia ya ukumbi, kitambaa cha kijivu chepesi, mita na mita. Ukipuliza pumzi kinatembea. Fundi mwenzangu tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Leo amenitazama ninavyokunywa supu yangu kwenye kikombe akasema, "Mwenzangu, supu hiyo hata kuku wake hajui kama alikufa."

Nimecheka mpaka nikajichoma sindano.

16 Machi

Maziwa, supu, maziwa. Nimezunguka meza ya kukatia kwa mwendo wa haraka mpaka pumzi ikakata. Dada wa lishe anataka nizoee kutembea kabla, ili nisianze kujifunza nikiwa na kidonda.

20 Machi

Mchana nilisinzia juu ya kitambaa cha kijivu. Nikamwona mume wangu amesimama upande wa pili wa pazia. Nikaona umbo lake tu, kama mtu anayeoga. Nikamwuliza umekula? Akasema, nimekuachia. Nikaamka. Redio alikuwa ameniwekea mto wa nguo chini ya shavu na yuko kimya. Hiyo nayo iliniogopesha.

23 Machi

Kesho. Daktari alinichorea. Tumbo langu sasa ni kama mfuko wa mto. Atakata upande mmoja wote, atafunga kwa pini ndogondogo, na kitakachobaki ni chembamba kama ndizi. Nikamwuliza kilichokatwa kinakwenda wapi. Akasema kinatupwa. Mimi huwa situpi kipande kikubwa namna hiyo.

Redio atalala kwetu na Mama siku zote nitakazokuwa huko.

26 Machi

Nipo.

28 Machi

Naandika nikiwa kitandani hospitalini. Siku mbili za kwanza zimepita kama mtu anavyopita nyuma ya pazia. Nakumbuka taa. Nakumbuka midomo mikavu na kipande cha pamba chenye maji. Nakumbuka muuguzi akiniambia, "Simama mama, tutembee, damu isilale." Nikatembea kwenye korido nimeshika chuma cha dripu kama mtu anayetembea na bibi harusi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kwenye bati na korido nzima ilivuma, nikawa kama naelea.

Nakunywa maji kwa kijiko. Vijiko vichache vinajaza. Nilitafuta ndani yangu ile njaa yenye sauti sikuiona. Wakati mmoja nilimtafuta na mume wangu. Sikumwona pia.

Redio amekuja kunichukua. "Mama yako salama," alisema. "Mzee anakula huyo! Tulikaa siniani mimi na yeye mpaka nikafungua kifungo cha sketi. Na mimi unanijua, nikianza kuongea chakula kinapoa."

2 Aprili

Nyumbani. Supu ya kuchujwa, maziwa, dawa za vitamini nitakazomeza mpaka naingia kaburini. Sheria ni hizi: usinywe pamoja na chakula, usimeze haraka, ukishiba acha hapohapo hata kama kijiko kiko njiani.

Mama ameniwekea kikombe changu pembeni mwa sinia lake. "Hata kama unakunywa," alisema, "utanywea hapa." Nilikunywa vijiko vyangu nikashiba. Nikaweka kijiko chini. Mama naye akanawa. Tukatoa vyombo.

6 Aprili

Mvua. Supu. Nimetembea barazani kutoka nguzo hadi nguzo.

7 Aprili

Mvua. Supu. Nguzo hadi nguzo.

11 Aprili

Leo Mama amepika kidogo. Kwa mara ya kwanza mkono wake umekubali. Nililiona sinia, upande wa mume wangu mtupu. Niliweka kijiko chini, Mama akanawa, mvua ikaendelea.

15 Aprili

Vyakula vya kusagwa vimeruhusiwa. Dengu zilizosagwa laini, samaki aliyepondwa. Kijiko cha kwanza nilifumba macho. Baada ya wiki zote hizo za maji, dengu zilikuwa na ladha ya udongo baada ya mvua, ladha ya utotoni, ladha ya kurudi.

Nilikula kwa tamaa kijiko kimoja zaidi. Kimoja tu. Kifua kilibana, mate yakajaa, nikatapika yote. Mama alinishika paji la uso kama anavyoshikwa mtoto. "Pole, mwanangu. Pole. Kwani unakimbizwa na nani?"

Nimejifunza. Sasa nakula haraka kidogo, kisha naacha mapema, nikitoka mezani kabla tumbo halijalalamika. Najiona hodari.

22 Aprili

Nimerudi karakana. Nguo zangu zinanipwaya. Mteja mmoja mwanamke aliyeleta kitambaa alimnong'oneza Redio, nikasikia: "Huyu anaumwa nini?"

"Amepunguzwa tumbo," Redio alijibu kwa sauti yake ya kutangaza, "si masikio."

25 Aprili

Nimepanda ngazi za karakana bila kusimama katikati. Juu nikageuka kutazama chini, kana kwamba kuna mtu niliyemwacha nyuma.

1 Mei

Mvua zimekuwa nzito. Mji wote uko nyuma ya kitambaa. Mchana ninapopumzika namwona mume wangu lakini kila siku amefifia kidogo, kama rangi inayofuliwa. Mwezi uliopita niliona shati lake. Leo nimeona mkono tu.

Mama anakaa sana siku hizi. Anajifunika shuka hata mchana. Nadhani ni baridi, na ni msimu wake wa kumkumbuka mwanawe. Gauni lake la maua linamshuka begani. Mimi ndiye fundi wa kitambaa kinavyoning'inia, nikaliona, nikasema moyoni nitalitia pindo.

8 Mei

Yai! Yai laini, zima, kwa uma. Nusu yake nikashiba. Nimecheka peke yangu kama kichaa. Mama alikula nusu iliyobaki, nikamwona anavyoipenda, kisha akanawa.

12 Mei

Redio amekuja kututembelea. Alitutazama mmoja mmoja. "Nyumba hii mnapungua wote? Au daktari alitoa mbili kwa bei ya moja?"

Tulicheka. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

17 Mei

Leo asubuhi Mama alikuwa barazani akianika nguo chini ya paa. Nilisikia beseni likianguka. Sikusikia Mama akililaani. Ndipo nilipokimbia.

Miaka mingi nilikuwa sijakimbia. Nilifika nikamkuta amelala ubavu katikati ya nguo mbichi, macho yamefunguka nusu. Nikampakata, nikainuka naye. Peke yangu, mimi ambaye mwaka jana nilishindwa kuinua ndoo. Kwa kitambo kidogo kabisa nilijisikia nina nguvu, kisha nikaelewa. Hazikuwa nguvu zangu. Mama alikuwa mwepesi kama pazia lililotolewa kwenye fimbo.

Hospitali, ile ile. Walimtundikia dripu, wakachukua damu. Daktari wa zamu, binti mpole, alinirudia jioni. "Bibi hana ugonjwa ninaouona. Ana njaa. Nyumbani anakula nini?"

"Anakula na mimi."

Alinitazama juu mpaka chini. Gauni langu linapwaya, kola imesimama mbali na shingo. "Na wewe unakula nini?" aliuliza polepole.

Nilifikiri yeye anadhani ninamnyima.

Shemeji alifika amelowa. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisimama upande wa pili wa kitanda akasema, "Nilisema sitauliza, Shemeji. Mvua zikatike tu."

Nikatazama dirisha. Mvua ilikuwa ikimwagika. Nikaiomba isiache.

18 Mei

Niandike yote ya leo, hata kama ni marefu.

Nilitoka nyumbani na chupa ya supu niliyopika mwenyewe. Wodini walikuwa wamekwisha kugawa chakula cha mchana. Nilisimama mlangoni kwa sababu niliona kitu. Mama alikuwa ameketi, sahani mbele yake imefunikwa kwa sahani nyingine, mikono mapajani. Mhudumu alipopita akamwambia, "Bibi, kula." Mama akasema, "Nimeshiba." Hakuwa hata amefunua.

Kisha akaja muuguzi mnene, ameshika bakuli la maharage na mkate. Alitafuta pa kukaa hakupata. "Bibi nipishe hapa ukingoni," alisema, "miguu inaniwaka moto tangu alfajiri." Akaketi kitandani kwa Mama. Akaanza kula na kusimulia. Alikuwa na kesi na mwenye nyumba wake, juu ya bomba. Anamega mkate, anauacha hewani, anaigiza sauti ya mwenye nyumba, anasahau, anakumbuka, anachovya.

Mama alifunua sahani.

Nilimwona anakula. Wali, mboga, kipande cha nyama. Muuguzi akiacha kutafuna ili aseme, Mama naye anaacha. Muuguzi akichovya, Mama anachukua. Walikwenda hivyo kama watu wawili wanaoshona upindo mmoja kutoka ncha mbili. Mwenye nyumba alipokwisha kushindwa, muuguzi akapangusa mikono. Mama akaweka kijiko chini. Sahanini palibaki matonge mawili, na macho yake yaliyaaga.

Muuguzi akaondoka. Hakujua alichofanya. Mimi nilikuwa bado mlangoni, chupa ya supu ikiniunguza kifuani.

Nikaenda nikaketi alipoketi yule.

"Mama, tangu nitoke hospitali umekuwa ukila kiasi gani?"

"Kiasi chako."

"Mimi nimekatwa tumbo, Mama. Wewe hukukatwa."

"Najua. Mimi si mtoto."

"Sasa kwa nini?"

Alinyoosha shuka magotini. "Unaweka kijiko chini, unasema umeshiba. Mimi niendelee kutafuna mbele ya mgonjwa, ananitazama? Baba angefufuka anichape."

"Si ungekula baadaye, jikoni."

"Peke yangu? Kama paka?"

"Ungeniambia, basi."

"Nikuambie nini? Nakuona unapanda ngazi. Nakuona unalala chali, unapumua vizuri. Niseme, mwanangu, rudi kula ili mama nishibe? Ukale mpaka moyo ukusimame na wewe?" Kisha, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, akasema, "Nikiwa na mwanangu nilikuwa nashiba vizuri sana. Alikuwa taratibu yule. Sijui alirithi wapi, maana baba yake alikula kama anafukuzwa."

Nilimmiminia supu. Nikajimiminia kwenye kifuniko. Tukanywa, na kila alipoinua kikombe nikainua kifuniko, hata kilipokuwa kimekwisha.

Nikiwa kwenye benchi la nje, nasubiri mvua ipungue ili nirudi nyumbani, ndipo mkono wake uliponijia. Mkono wa mume wangu. Ukingoni mwa sinia, vidole vikiviringisha tonge. Nilidhani anakula. Nikajaribu kukumbuka tonge likipanda mdomoni, na nikaona halipandi. Tonge ni lilelile. Analiviringisha, analiweka chini, anasimulia habari za friji ya mwenye hoteli, analiokota tena, analiviringisha. Mpaka Mama anaposema, "Ah, nimeshiba." Papo hapo hadithi inakatika na mkono unatoka. Ndiyo sababu hadithi zake nyingi sijui ziliishaje. Mpaka leo sijui friji ya mwenye hoteli ilikuwa na nini.

Miaka yote ile. Hakumwambia Mama, hakuniambia mimi. Alishiba mapema kama watu wengine, akabaki.

Nililia pale kwenye benchi, na kwa sababu ya mvua hakuna aliyejua. Nilikuwa nimemtafuta kwenye fungu lake la chakula. Kumbe fungu lake hasa lilikuwa lile asilokula.

Sikurudi ndani kumwambia Mama. Mwache aamini mwanawe alikuwa taratibu.

21 Mei

Mama amerudi nyumbani. Nimepika mimi. Kipimo cha watu wawili na zaidi.

Nimeketi. Tonge dogo kama shanga, nikalitafuna mpaka likawa maji. La pili vivyo hivyo. Tumbo likajaa. Zamani ningenawa. Leo nikaacha mkono palepale, nikaviringisha tonge, nikaanza kumsimulia Mama habari za ukumbi na mapazia ya kijivu, jinsi kipande cha kwanza tulivyokishona nje ndani na Redio akakataa kwamba ni yeye. Mama akala. Akala tena. Nikaishiwa na maneno, nikaanza ya kubuni.

"Siku hizi unaongea kama yule mwenzako," Mama alisema huku akimega.

"Ameniambukiza."

"Endelea. Halafu?"

24 Mei

Mvua. Nimesimulia habari ya mteja aliyetaka pazia la dirisha ambalo hana.

28 Mei

Dada wa lishe amefurahi. Anasema wengi wanashindwa kula polepole, wanameza na kukimbia. Kabla ya hapa nami nilikuwa hivyo, na sasa sitapiki tena. "Umejifunza wapi?" aliuliza.

"Kwa mume wangu."

Akaandika kitu. Sijui aliandika nini.

2 Juni

Nywele zinanyonyoka kwenye kitana. Wameniambia ni kawaida, zitarudi. Mama amezisuka zilizobaki, vidole vyake vina joto. Tumetembea wote hadi kona na kurudi, chini ya mwavuli mmoja. Ameniambia nipunguze mwendo. Mimi! Niliambiwa mimi nipunguze mwendo!

7 Juni

Manyunyu tu.

9 Juni

Manyunyu asubuhi. Mchana jua. Nimelichukia.

10 Juni

Shemeji amepiga simu. Fundi yuko juu ya paa.

Nilimwambia, "Shemeji, Mama ananenepa. Njoo umwone."

"Nilimwona hospitali," alisema. "Jumamosi nakuja na gari."

Mama alikuwa anasikiliza. Alikwenda akakunja nguo zake, akazipanga juu ya kitanda, kisha akazirudisha kabatini, kisha akazitoa tena.

14 Juni

Jumamosi. Anga limefuliwa. Hakuna hata wingu la kumtuma mtu nyumbani.

Shemeji amefika saa sita na gari la kuazima, viti vya nyuma amevilaza. Amempa Mama mkono na amemtazama harakaharaka, kama mtu anayetazama kioo cha pembeni. "Mizigo iko wapi?"

"Kula kwanza," Mama akasema.

Tuliketi watatu kwenye sinia. Nilikuwa nimepika kipimo cha watu watatu bila kuwaza, na nilipoliona likiwa limejaa vile, nikashika ukingo wa meza kidogo.

Shemeji anakula kama baba yake. Sikuwa nimemaliza shanga yangu ya tatu, yeye ameshachimba upande wake mpaka bati linaonekana. Akatoa mkono. "Nimeshiba, Mama. Ahsante. Haya, twende, barabara ni nzuri mchana."

Mkono wa Mama ulisimama juu ya sinia. Nilimjua. Mkono wa mwanawe umetoka, na wake lazima utoke, na ukitoka mlo umekwisha, na mlo ukiisha gari linasubiri. Aliangalia chakula. Kisha aliangalia mkono wangu.

Mkono wangu ulikuwa ndani. Tumbo langu lilikuwa limejaa hadi shingoni. Niliviringisha tonge, nikasema, "Basi Mama, yule mteja asiye na dirisha akarudi tena jana."

"Akarudi?" Mama alisema. Na mkono wake ukashuka, ukamega.

"Mama," Shemeji akasema.

"Wenzako bado tunakula, mwanangu."

Alinawa. Akasimama, akaenda mlangoni, akatazama gari, akarudi. Mimi nasimulia, Mama anakula na kuuliza. Shemeji aliketi tena, maji yakimdondoka vidoleni. Nadhani hapo ndipo alipomtazama kweli. Mashavu yake. Mkono unaokwenda na kurudi bila kutetemeka. Gauni la maua likikaa begani linapostahili kukaa. Alimtazama mama yake akila kwa muda mrefu, na mguu wake wa kulia ukaacha kukanyaga breki.

Kisha akanyoosha mkono, akaurudisha siniani. Alichukua punje chache tu, akaziweka mdomoni, akaacha mkono palepale.

"Huyo mteja," aliniuliza, "kama hana dirisha, pazia anataka la nini?"

Tulikula mpaka kivuli cha mlango kikafika katikati ya chumba. Aliondoka peke yake, viti vya nyuma vimelala vitupu. Hakusema kwamba amebadili mawazo. Akiwa tayari ameshawasha gari alisema tu, "Mama, Jumapili nitakuja kula."

"Njoo na njaa," Mama akamwambia. "Haraka iache kwako."